Kwani Simu Yako Ina Nini?

Mxiuu! Niacheni nisonye kwanza, tutasalimiana baadaye.

Hivi mmewaona vijana wa Kariakoo siku hizi? Zile kamera ndogo za dijitali, zile za rangi ya fedha zenye kamba ya kuning'iniza mkononi, ambazo tulizisahau kwenye droo pamoja na chaja za Nokia za pini nyembamba, leo zinatafutwa kutwa nzima. "Kaka, Cyber-shot ipo? IXUS je? Coolpix?" Muuzaji wa vifaa vya mtumba, ambaye juzijuzi tu alikuwa anakubembeleza uichukue akuongezee na kava juu, sasa anakutazama viatu kwanza ndipo ataje bei. Ukiuliza kulikoni, unaambiwa TikTok. Eti picha za simu zimekuwa safi kupita kiasi. Wanataka uso ulioungua kwa fleshi, nyuma giza totoro, na chenga kidogo. Yaani yale tuliyokuwa tunamgombeza nayo mpiga picha wa harusi mwaka 2006, leo ndiyo mtindo. Ebo!

Na si maneno ya mtaani tu. Chama cha watengeneza kamera wa Japani, CIPA, kina daftari lake. Mwaka 2010 kamera za dijitali zilizotoka viwandani zilipita milioni 120, na nyingi kabisa zilikuwa hizi ndogo za lenzi isiyochomoka. Ilipofika 2023, hizo ndogo zilikuwa zimebaki kama milioni 1.7. Simu ilizifagia. Viwanda vikafunga mitambo, maduka yakaondoa kabati, na sasa watu wamezikumbuka wakati zenyewe hazitoshi. Hapo bei ifanye nini kama si kupanda?

Sasa habari hizi zilivyofika kijiweni. Kuna dogo mmoja wa mtaani kwetu amepata kazi, amedunduliza, na likizo imekaribia. Ratiba yake nzuri, sina neno: treni ya SGR mpaka Morogoro, basi mpaka Mikumi kuangalia wanyama, kisha arudi Dar apande boti ya Unguja. Anataka kamera ya kuingia mfukoni, ya safari na ya kila siku. Akatoa shikamoo zake, akakaa, akatamka jina moja tu: Fujifilm X100VI.

"Bei gani?" akauliza mzee wa drafti bila kuinua kichwa.

Dogo akasema dola 1,599, hiyo ikiwa ni bei iliyotangazwa ilipotoka mwaka 2024. Tukapiga hesabu ya haraka ya shilingi 2,500 kwa dola: milioni nne kasoro nauli ya daladala. Na hapo hujalipa usafiri wala forodha. Mzee akasonya msonyo mrefu mpaka muuza kahawa akadhani mtu ameungua ulimi.

"Kwani simu yako ina nini?" akadakia fundi simu kutoka chini ya mwamvuli wake.

Dogo aliona kama anadhihakiwa, lakini mimi naona swali lile ndilo lote. Maana mchana, jua la saa nne, watu wamesimama wanatabasamu, hakuna kamera ndogo itakayoiaibisha simu nzuri. Simu inapiga picha kadhaa kwa mkupuo mmoja, inaziunganisha, inafungua vivuli, inatuliza anga, na kabla hujaurudisha mkono mfukoni picha imeshafika kwa shangazi Tanga. Kamera haina ujanja huo. Mtu anayetoa milioni ili apige picha zilezile ambazo simu inazipiga bure, huyo ananunua mkufu.

Kwa hiyo tuseme simu inashindwa wapi. Inashindwa mbali: swala akiwa upande wa pili wa uwanda, simu ya kawaida inakata kipande cha picha na kukivuta tu, unapata swala wa chenga. Zile za bei kubwa zina lenzi yao ya mara tatu au mara tano, lakini dogo hana hizo, ana simu ya laki nne. Inashindwa usiku pale kitu kinapotembea, kwa sababu ule ujanja wa kuunganisha picha unahitaji watu watulie, na watoto hawatulii. Inashindwa kwenye fleshi: kile kitaa cha simu ni tochi, si fleshi. Na inashindwa kwenye betri, jambo ambalo watu hawalisemi. Safarini simu ndiyo tiketi, ndiyo M-Pesa, ndiyo ramani. Ukiimalizia chaji kwenye picha za machweo, utamlipa nini mwenye nyumba ya wageni?

Kamera isiyokusaidia hata kimoja katika hivyo, iache dukani. Mimi hapo sina huruma.

Haya, sasa twende kwenye kitu ambacho muuzaji hakutajii kamwe, maana anajua kusoma megapikseli tu. Ndani ya kamera kuna kibamba kinachopokea mwanga, sensa. Sensa ni mkeka wa kuanikia mpunga: mkeka mpana unapata jua jingi, mkeka finyu utaugeuzageuza mpaka jioni na bado nafaka ni mbichi. Zile kamera ndogo za bei nafuu, pamoja na hizo Cyber-shot na IXUS zinazogombaniwa, nyingi zina sensa ya upana wa milimita 6 na kimo cha milimita 4 na nusu. Ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Daraja linalofuata linaitwa la inchi moja, ingawa ukilipima unakuta milimita 13.2 kwa 8.8, eneo lake ni mara nne ya lile la kwanza. Juu yake kuna APS-C, milimita 23.5 kwa 15.6 hivi, ambayo ndiyo ipo kwenye kamera nyingi kubwa za kubadili lenzi, na kuna mafundi wachache waliofaulu kuisokomeza ndani ya kamera ya mfukoni.

Mnaona kichekesho kilipo? Sensa kuu za simu za bei ya juu zimeshaipita kwa ukubwa ile ya kamera ndogo ya kizamani. Ndiyo maana kijana anayenunua IXUS ya mwaka 2008 hanunui ubora, ananunua sura ya picha ya zamani. Kama ndicho anachokitaka, na ameipata kwa bei ya viatu, mwache afurahi. Kuna wengine watakwambia siri iko kwenye sensa za aina ya CCD za enzi hizo, kwamba zina rangi ya ajabu. Nyoo! Rangi inapikwa na programu iliyomo ndani ya kamera kuliko kitu kingine chochote. Mkisikia mtu anaongeza bei kwa kutaja CCD, shikeni pochi.

Megapikseli? Ishirini zinatosha na kubaki. Tuendelee.

Tuirudie hiyo X100VI, maana dogo alikuwa bado ameikodolea macho kwenye simu yake. Mashine nzuri, siwezi kuitukana. APS-C ya megapikseli 40, lenzi ya f/2 inayokula mwanga vizuri, dirisha la kuchungulia la kweli, kitulizo cha mtikisiko ndani yake, na umbo la kamera za filamu ambalo ndilo lililowatia watu wazimu tangu ile ya kabla yake, X100V ya mwaka 2020, iliposambaa mitandaoni. Lakini ina gramu 521. Ukiiweka kwenye mfuko wa suruali, suruali inashuka upande mmoja. Na haina zumu hata kidogo. Inaona upana wa milimita 35, basi. Kwa Mikumi, simba atatoka saizi ya siafu. Anayeishi kwa kupiga picha za mitaani na ana fedha zake, aichukue. Dogo wa mshahara wa kwanza, kwa safari ile, hapana.

"Basi Ricoh," akasema dogo. Kumbe amesoma!

Hapo nikamheshimu kidogo. Ricoh GR III ya mwaka 2019 ni kamera ya watu wanaojua wanachokitaka. Ina APS-C ileile, lakini na betri na kadi ndani yake haifiki gramu 260, na kweli inazama mfukoni. Daido Moriyama, mzee wa picha za mitaa ya Tokyo, ametembea na kamera za ukoo huu wa GR tangu zilipokuwa za filamu. Ina jambo moja ambalo kwa picha za barabarani ni dawa: unaiambia kabla, "lenga umbali wa mita mbili na nusu," kisha unabonyeza tu bila kuisubiri itafute. Mtu anapita, umeshampata. Kwa Kariakoo hiyo ni tamu mno. Lakini haina zumu, haina fleshi, betri yake ni ya picha 200 hivi, na inajulikana kwa kuingiza vumbi mpaka kwenye sensa. Sasa wewe unaipeleka Mikumi kwenye barabara ya vumbi, gari limefunguliwa juu... Nilimwambia dogo, kama ungekuwa unakwenda Unguja tu, ningekuchagulia hii na kufunga mjadala.

Mzee wa drafti hapo akaingilia. "Oza hakuwa na hiyo zumu yenu." Alikuwa anamtaja Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio pale Unguja mwaka 1930, na picha za Mji Mkongwe wa zamani zilizotoka kwenye studio ile watu wanazitazama hadi leo. Ni kweli, mzee. Ila Oza alikuwa akisogea, na mji haukuwa na desturi ya kumrarua. Simba hasogelewi.

Kwa hiyo tunashuka kwenye kamera za sensa ya inchi moja, na hapa ndipo mimi nilipokuwa nataka kumfikisha tangu mwanzo. Sony walianzisha ukoo wa RX100 mwaka 2012: gramu 240, zumu ndani, sensa ya inchi moja, na kila mtu akashangaa imeingiaje. Wakaendelea kuitoa moja baada ya nyingine bila kuziua za zamani, ndiyo maana sokoni zimejaa za kila umri na kila bei. Uchaguzi wenyewe uko hivi, na sikilizeni vizuri maana wauzaji wanachanganya watu hapa. Ya tatu, ya nne na ya tano zina lenzi ya milimita 24 mpaka 70, na tundu lake ni kubwa, f/1.8 mpaka 2.8. Ya sita na ya saba zina milimita 24 mpaka 200, lakini tundu limebanwa, f/2.8 mpaka 4.5. Namba ya f ikiwa ndogo, mwanga unaingia kwa wingi. Umeongezewa umbali, umepunguziwa mwanga. Hakuna fundi duniani aliyekupa vyote viwili kwenye mfuko mmoja, na anayekuambia vipo, anauza.

Sasa jiulize: Forodhani ya Unguja usiku au Mikumi mchana? Pale Forodhani, taa za wauza urojo na mishikaki zinamulika chini, uso wa mpishi uko nusu gizani, mkono wake hautulii. Hapo RX100 ya tatu inaipiga ile ya saba bila jasho. Mikumi, mambo yanageuka: milimita 70 ni ya kupiga picha tembo aliyekuja mwenyewe barabarani, na wapo wanaokuja, lakini twiga wa mbali utamkosa. Panasonic nao wana TZ100 inayofika milimita 250 na TZ200 inayofika 360, zote za inchi moja, ila matundu yake yanabana zaidi. Kwa safari ya dogo, yenye wanyama siku mbili na watu siku zilizobaki, mimi nilimwambia achukue inayofika 200, mtumba uliotunzwa. Fundi simu akapinga, akasema achukue ya tatu na wanyama awaangalie kwa macho. Tulibishana mpaka kahawa ikapoa, na sijui hata nani alishinda.

Zipo na zile za zumu ya mara 30, mfano TZ99 ya mwaka 2025 inayokwenda mpaka milimita 720. Unasoma kwenye boksi unaona umepata darubini. Lakini ndani kuna ule mkeka finyu, na ukivuta mpaka mwisho tundu linabaki f/6.4. Jua likiwa kali utapata ndege wako. Saa kumi na mbili jioni, wakati chui anaamka, utapata kivuli chenye madoa.

Na mambo ya maji? Kama shughuli yako ni kuzamia Mnemba, basi hayo yote tuliyosema yafunge, uchukue TG-7 ya OM System, inayozama mita 15 bila mfuko wa plastiki. Sensa yake ndogo, usiku haina maana, lakini chini ya maji hakuna simu itakayothubutu kuifuata. Kabla ya kushuka futa mchanga kwenye mpira wa mlango wa betri. Chembe moja tu inatosha kuleta msiba.

Video sijui, waulizeni wanaojirekodi. Wao wanaililia Canon G7 X Mark III, ambayo ina tundu la kipaza sauti na kioo kinachogeukia usoni, ilitoka mwaka 2019 kwa dola 749, na leo ukiikuta dukani kwa bei hiyo nipigie simu.

Kuna jambo jingine ambalo majarida ya kamera ya Ulaya yanalipita haraka, na sisi hatuwezi. Ngozi yetu. Kamera inapopima mwanga, inadhani dunia yote kwa wastani ni ya kijivu. Mpige bwana harusi mweusi ti ndani ya kanzu nyeupe, mbele ya ukuta mweupe wa Mji Mkongwe: mashine inaona weupe mwingi, inaogopa, inapunguza mwanga, na bwana harusi anabaki meno na kanzu. Halafu watu wanasema "kamera mbaya". Kamera si mbaya, haijaambiwa. Kuna kitufe au gurudumu lenye alama ya kujumlisha na kutoa. Lizungushe kuelekea kujumlisha, nusu hatua, hatua moja, tazama uso, basi. Kamera ambayo hicho kitu kimefichwa ndani ya menyu ya tatu, mimi kwangu imeanguka mtihani, hata iwe na sensa ya dhahabu. Na iwe inahifadhi faili ghafi, RAW, ili kivuli cha usoni kifunguke baadaye kwenye kompyuta bila kugeuka majivu. IXUS nyingi hazina hiyo.

Mnajua hii habari ina historia yake? Kodak kwa miaka mingi walikuwa wanapeleka kwenye maabara kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, wakaizoea kuiita Shirley, kwa jina la mfanyakazi wao aliyekaa mbele ya kamera mwanzoni. Ngozi ya Shirley ikitoka vizuri, mashine imepimwa. Ya bibi yako itajijua. Na waliolalamika wakasikilizwa hawakuwa bibi zetu, walikuwa watengeneza chokoleti na wauza samani za mbao, waliotaka kahawia nyeusi na kahawia nyepesi zitofautiane kwenye matangazo. Loh! Chokoleti ilitutangulia. Ndiyo maana Tecno walipokuja na simu zao za Camon wakajinadi kwamba zinaijua ngozi nyeusi, watu hapa hawakuhitaji kushawishiwa mara mbili.

Fleshi nayo isiachwe. RX100 inayo, inayochomoza juu. Kuna siri ndogo hapo: unaweza kuishika kwa kidole uielekeze dari, mwanga ukagonga juu ukarudi laini. Dari iwe nyeupe tu. Kwenye turubai la bluu la shughuli, watu wote watatoka wagonjwa.

Mama lishe alikuwa anasikiliza muda wote huku anapepeta mchele. "Mwanangu," akamwambia dogo, "hiyo kamera yako ndogo ni nzuri kwa sababu haitishi watu. Lakini kabla hujaipandisha, salimia. Mimi nimepigwa picha nikisonga ugali, jasho linanitoka, na mtu hata hujambo hakusema." Dogo akainama. Na mimi naongeza: kwenye lango la kambi ya jeshi na kwenye majengo ya usalama usiitoe kabisa, hata kama jua limekaa vizuri. Utaeleza sensa ya inchi moja kwa mtu asiye na haraka.

Sasa ununuzi. Ukienda kwa muuza mtumba, usiende saa moja jioni. Nenda mchana. Washa kamera, zima, washa tena; vuta zumu mpaka mwisho na uirudishe, na usikilize. Ikisaga, weka chini. Mulika lenzi kwa tochi ya simu kutoka ubavuni: ukiona nyuzi nyembamba zilizotawanyika, hizo ni ukungu ulioota, na kamera zilizokaa pwani zinaugua sana. Kisha bana tundu la lenzi mpaka namba kubwa, piga picha anga au ukuta mweupe, uikuze kwenye kioo. Madoa meusi yasiyohama ni vumbi lililoingia ndani, na kwenye kamera ya lenzi isiyochomoka kulitoa ni kazi ya fundi mwenye bisibisi za saa. Betri ikiwa imevimba, mrudishie mwenyewe na shukrani.

Tazama na kadi inayotumia. Kuna Olympus na Fujifilm za zamani zinazotaka kadi za xD, ambazo zilishaacha kutengenezwa, na Sony za enzi hizo zinataka Memory Stick. Utanunua kamera kwa elfu sitini, kadi utaitafuta mpaka uote mvi. Zilizotangulia mwaka 2006 nazo, nyingi hazikubali kadi ya SD iliyozidi GB 2. Na kwa kuwa mzigo mwingi unatoka Japani, fungua menyu kabla ya kulipa: baadhi ya Sony zilizotengenezwa kwa soko la kwao hazina lugha nyingine zaidi ya Kijapani, na hakuna wa kukubadilishia.

Kadi yenyewe ndiyo balaa kubwa. Imeandikwa GB 128, ndani ina 8. Kamera haitakuambia; itaendelea kuandika picha za Unguja juu ya picha za Mikumi, na wewe unatabasamu. Dawa ni kuipeleka nyumbani siku hiyohiyo, uijaze kwenye kompyuta mpaka mwisho kwa mafaili ya video, kisha uyafungue yale ya mwisho. Yakigoma, rudi dukani kesho asubuhi na risiti mkononi. Kama hukupewa risiti, kwa nini ulilipa?

Nilitaka kumweleza dogo na habari ya vipakiti vya kukausha unyevu, vile vinavyokaa kwenye boksi la viatu, aviweke kwenye mfuko wa kamera akiwa Unguja. Na asiitoe kamera kwenye chumba cha kiyoyozi akaifungua nje papo hapo, lenzi itatoka jasho. Aiache ndani ya begi kwanza. Na kwenye treni aisogeze lenzi karibu na kioo cha dirisha, azime fleshi, la sivyo atarudi na picha za uso wake mwenyewe. Lakini alikuwa ameshasimama, anauliza kitu kingine.

"Kaka, nikipiga, nitazitumaje hapa kijiweni?"

"WhatsApp," wakajibu watatu kwa pamoja.

Mxiuu! Yaani kijana atoe milioni mbili, abebe betri ya ziada, apime mwanga wa kanzu, ampate twiga, halafu picha aitupe WhatsApp iminywe mpaka ibaki mabaki, tulinganishe na ya simu ya fundi tuseme "mbona hazina tofauti!" Nikamwambia abonyeze HD, angalau zitaminywa kidogo, au azitume kwa njia ya dokumenti, zitafika nzima. Fundi simu akasema dokumenti inakula bando. Mzee wa drafti akaegemeza kichwa ukutani, akasema yeye simu yake ni ya tochi, hana hilo bando wala hiyo HD, na kama dogo ana adabu amsafishie moja ya karatasi, twiga awe mzima mpaka kwato. Dogo akauliza siku hizi inasafishwa wapi. Hapo ndipo tulipoanza kubishana upya.